Elimumtutu: Mwongozo wa Namna Saba za Viwanda vya Silaha Kujitanua hadi Handeni na Korogwe

DIBAJI

Mwanafunzi wangu, keti vizuri, kalamu mkononi. Elimu unayoianza leo ndiyo mama wa elimu zote. Falaki, tiba na uchumi ni wajukuu zake, tena wajukuu watukutu. Inaitwa elimumtutu, nayo huchunguza jinsi mtutu wa chuma unavyotoka katika tanuri ulimozaliwa hadi ukafika mahali ambapo mwenye tanuri, hata apewe ramani na miwani, hawezi kupaonyesha kwa kidole.

Mahali penyewe, kwa mwongozo huu, ni wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Wapo watafiti wenye haraka ambao huenda kuchunguza upanuzi wa kampuni za silaha katika miji yenye makao makuu ya vioo. Huko wataona vioo. Matawi yenyewe yapo Segera, Mkata, Kabuku, Mombo na Mazinde, na yamekuwapo tangu kabla ya reli, kabla ya mkonge, na kabla ya kampuni hizo kujua kwamba zina matawi.

FASILI ZA LAZIMA

Fasili ya 1. Tawibubu ni bunduki yoyote iliyo mbali na kiwanda chake. Ni tawi kwa kuwa inatenda kazi ya kampuni. Ni bubu kwa kuwa haina bango, hailipi pango, haina meneja wala namba ya mlipakodi. Tawibubu huzungumza mara chache, na kila linapozungumza, mtu mmoja huacha kabisa kuzungumza.

Fasili ya 2. Nasabachuma ni ukoo wa tawibubu, kuanzia mhunzi wa kwanza hadi mkono wa mwisho. Ukoo huu hauna mahari wala talaka. Kila aliyeishika bunduki ni mzazi, na hakuna anayekubali malezi.

Fasili ya 3. Umbalimtutu ni masafa kati ya aliyeitengeneza na aliyepigwa. Usiyapime kwa kilomita. Hilo ni kosa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hupimwa kwa idadi ya watu ambao wakiulizwa hujibu, “Mimi ilipita tu mikononi mwangu.”

Fasili ya 4. Risiti ni hati ambayo elimumtutu inaitafuta tangu ilipozaliwa. Fasili hii itatoka kwenye mtihani.

Baada ya msingi huo, tuziingie aina.

AINA YA KWANZA: UTANUZI-WINO

Utanuzi-wino ni ule ambao tawi hufunguliwa kwa kalamu, na bunduki hufuata baadaye kama mtumwa wa barua. Mfano wake mkuu ni mkataba uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, kati ya Sayyid Said bin Sultan na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mkataba uliwaruhusu wafanyabiashara wa Marekani kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sultani kwa bei watakayoelewana na mnunuzi, kwa ushuru wa asilimia 5. Ukaweka sharti moja: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote ziuzwe bila kizuizi, kwa yeyote atakayepanda dau.

Tulia hapo, mwanafunzi, maana wengi hupita mbio. Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari hizo nyingine, na Pangani ndiyo mlango wa bonde linalopanda hadi Korogwe na wa njia zinazoingia Uzigua, iliko Handeni. Kwa hiyo bunduki moja, ya mhunzi mmoja, ndani ya sanduku moja, ilikuwa na hadhi mbili. Ikiwa Unguja ilikuwa chombo cha dola. Ikiwa Pangani ilikuwa bidhaa, ndugu wa kaniki na shanga.

Swali linalonikosesha usingizi ni hili: hadhi hiyo ilibadilika wapi baharini? Nadharia ya Kisogo hushikilia kwamba bunduki ilikuwa huru pale nahodha alipogeuka na asiione tena Unguja. Nadharia ya Paji hushikilia kwamba ilikuwa huru pale alipoiona Pangani. Baina ya kisogo na paji kuna maji mengi ambamo bunduki haikuwa ya serikali wala ya soko. Eneo hilo nimeliita Barahuru, na ninalipendekeza kwa tasnifu ya uzamivu.

Matokeo ya Barahuru yalionekana bara. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Vuga kwa mfalme wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1848, aliwakuta Wazigua wameshajizatiti kwa bunduki za pwani na wakiwabana Washambaa. Umbo la mamlaka likapinduka. Mfalme aliyeketi mlimani kwa sababu mlima ni ngome aligundua kwamba jirani wa nyikani, aliye karibu na duka, amempita.

AINA YA PILI: UTANUZI-MTUMBA

Unaijua mitumba, mwanafunzi: nguo iliyochakaa huko hupigwa pasi hapa na kuitwa mpya. Utanuzi-mtumba ni kanuni hiyo katika chuma. Kila mara majeshi ya Ulaya yalipobadili bunduki, zile za zamani zilitafuta pa kwenda, na pa kwenda palikuwa huku. Kuna spishi tatu, na ole wake atakayezichanganya.

(a) Gumegume. Jiwe hugonga chuma, cheche huruka, baruti ya kisahani huwaka, kisha moto hutambaa hadi ndani. Baina ya kuvuta na kulia kuna kitambo ninachokiita kipinditafakuri, ambacho mlengaji hupata nafasi ya kujuta na mlengwa hupata nafasi ya kuinama. Wakati wa masika spishi hii hushiriki mapumziko ya kitaifa.

(b) Fataki. Kijikofia cha shaba huchukua kazi ya jiwe. Kipinditafakuri hufa, na majuto hufa pamoja nacho.

(c) Ya viasi. Risasi na baruti huvikwa ganda moja na kuingizwa kwa nyuma. Hapa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hupoteza ajira.

Kitovu cha elimu ni mpito kutoka (b) kwenda (c). Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliishinda Austria kwa bunduki za kupakiwa nyuma, na mataifa ya Ulaya yakakimbilia mtindo huo. Uingereza ikachukua Snider mwaka huohuo na Martini-Henry mwaka 1871. Ghala za Birmingham na Liège zikabaki na mizigo ambayo hakuna askari wa Ulaya aliyeitaka tena. Mwaka 1888 Balozi Mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Alisikitika sana. Elimumtutu inabainisha kuwa masikitiko yake yalisafiri kwa meli kwenda London, na meli zilizopishana nayo zilikuwa na bunduki.

Mtu aliyeielewa aina hii kuliko maprofesa ni Semboja, mwana wa Kimweri. Baba alipofariki mwaka 1862, Semboja hakutamani kukaa Vuga juu kwenye ukungu. Alikaa Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, mahali ambapo pembe zilishuka na bunduki zilipanda. Mwenye Mazinde akamshinda mwenye Vuga. Katika istilahi yetu, Semboja alikuwa wakala mkuu wa kanda, ingawa hakuna kiwanda kilichowahi kumtumia kalenda ya mwaka mpya.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Sheria ya Brussels, iliyodhibiti silaha katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Handeni na Korogwe zimo katikati ya ukanda huo. Bunduki za kisasa zilizuiwa. Gumegume na baruti yake chafu ziliachiwa mlango wa vibali. Mantiki yake, mwanafunzi, ni safi kama maji ya mlimani: mwaka mmoja baada ya Mjerumani Wissmann kuja na mizinga ya Krupp na bombomu la Maxim kupambana na Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Sadani, wakubwa waliafikiana kwamba watu wa huku waendelee kuuana kwa spishi (a) peke yake, wasije wakawafikia wenye spishi nyingine.

AINA YA TATU: UTANUZI-PACHA

Hii ndiyo aina bora kuliko zote, na nikiizungumzia husimama. Utanuzi-pacha hutokea pale matawi mawili ya ukoo mmoja yanapopigana yenyewe kwa yenyewe, na ukoo hupokea faida pande zote.

Angalia nasabachuma. Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, alibuni bombomu lake London mwaka 1884, kwa mtaji uliotoka pia kwa jamaa wa Vickers. Mwaka 1897 Vickers wakainunua kampuni yake. Kabla ya hapo leseni ilikwenda Berlin kwa kampuni ya Ludwig Loewe, iliyozaa DWM mwaka 1896, na Ujerumani ikatengeneza Maxim zake yenyewe. Sasa shuka nami hadi Juni 1916. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts linateremka kando ya reli na mto Pangani. Linaingia Korogwe katikati ya mwezi, na Handeni siku chache baadaye. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wanarudi nyuma wakipigana. Huku kuna Maxim na Vickers. Kule kuna Maxim. Mtoto wa shangazi anamfyatulia mtoto wa mjomba, na babu mmoja anahesabu.

Wanafunzi dhaifu huiita hali hii vita. Istilahi sahihi ni kikao cha ndani cha watumishi wa kampuni. Ushahidi ni kwamba mwaka 1902 Vickers ilichukua kwa Krupp haki ya kutengeneza kiwashio cha kombora, na vita vilipokwisha Krupp ikaidai Vickers malipo ya hataza kwa makombora yaliyopigwa. Kwa lugha ya darasani, Mjerumani alidai alipwe kwa kila kombora alilopigwa nalo Mjerumani. Mahakama na mawakili walilipokea dai hilo bila kucheka, nasi tutafanya hivyohivyo.

Idara ya usafirishaji ya kikao hiki inastahili aya yake. Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, na vigari vyake vilisukumwa na watu. Pasipokuwa na reli, mizigo ilipanda vichwani mwa wapagazi. Wengi kati yao walibeba masanduku ya risasi bila kumiliki hata bunduki moja. Kwa mujibu wa Fasili ya 3, watu hawa ndio pekee katika historia ya elimumtutu wanaoweza kusema “ilipita tu mikononi mwangu” wakawa wanasema kweli.

AINA YA NNE: UTANUZI-PEDALI

Mwaka 1861 wahunzi wa bunduki wa Birmingham waliungana na kuunda Birmingham Small Arms, yaani BSA. Baadaye kampuni ikageukia baiskeli, na baiskeli hizo zikavuka bahari hadi Afrika Mashariki, zikiwa na nembo ya bunduki tatu zilizoegemeana. Mzee aliyepeleka mahindi gulioni kwa BSA alikuwa anaendesha nembo ya silaha bila leseni. Aina hii ni ndogo, haina majeruhi ila wa magoti, nami naiacha.

AINA YA TANO: UTANUZI-MWIGO

Sasa tunafika kwenye gobore. Gobore ni tawi ambalo kampuni haikulifungua, bali lilijifungua lenyewe. Mhunzi wa kijijini huiangalia bunduki ya babu, hutafuta bomba, hutafuta mti mgumu wa kitako, na siku chache baadaye kuna mtutu ambao hakuna Birmingham wala Liège katika damu yake, ila tabia ni zilezile. Kazi yake ya kutangazwa ni kufukuza nguruwe na nyani kwenye mahindi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha iwe na kibali, na serikali mara kadhaa imetoa muda wa msamaha ili wasio na kibali wasalimishe kwa hiari. Magobore hujitokeza kwa wingi katika marundo ya kusalimisha, kama wazee waliochoka kungoja pensheni.

Kuna mgogoro mkubwa wa kitaaluma kuhusu namna ya kulitundika gobore ukutani. Wanamdomojuu hulitundika mdomo ukielekea dari. Hoja yao: baruti hukaa chini, karibu na kifyatulio, ikiwa tayari kwa nguruwe wa usiku. Wanamdomochini hulitundika mdomo ukielekea sakafu. Hoja yao: mende hawaingii, na watoto wakigusa kitu hujeruhiwa kigoda. Baina yao wapo Wanadari, ambao hulilaza darini juu ya magunia, nao hawana hoja, wana wasiwasi wa polisi tu.

Msimamo wangu, ambao umenigharimu marafiki, ni kwamba mwelekeo wa mdomo hudhihirisha falsafa ya mwenye nyumba. Mwanamdomojuu anaamini adui atakuja kutoka nje. Mwanamdomochini anaamini adui ni mende. Mwanadari ameshamjua adui, na adui ana sare.

Je, gobore ni mshindani wa viwanda vya dunia? Hapana. Ni mwanagenzi wao. Limefundisha kijiji kwamba tatizo lenye miguu minne lina jibu la chuma, na shule hiyo ikishafunguliwa, anayevuna ni mwenye chuma bora zaidi.

AINA YA SITA: UTANUZI-MAREJEO

Katika miaka ileile ya 1830 ambayo wino wa Muscat ulikauka, ukame na njaa viliikumba Uzigua. Watu wengi walijikuta katika majahazi, wakauzwa utumwani kwenye pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka mashamba, wakajenga maisha katika bonde la Juba, wakakihifadhi Kizigua chao vizazi kwa vizazi.

Somalia nayo ilikuwa na matawi. Hadi mwaka 1977 silaha zake zilitoka kwa Wasovieti. Walipokorofishana juu ya Ogaden, zikaanza kutoka kwa Wamarekani na Waitalia. Dola ilipoanguka mwaka 1991 matawibubu yote yalizungumza kwa pamoja, na wakulima wa bonde la Juba, ambao hawakuwa na bunduki, ndio waliokuwa na chakula cha kuporwa. Maelfu walikimbia. Wengine wakafika walikotoka mababu zao: kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, wilayani Handeni, ambako Tanzania iliwapa ardhi na kuwafungulia mlango wa uraia. Waliteremka wakizungumza lugha ambayo wenyeji waliielewa.

Hadi hapa elimumtutu ilidhani kampuni hujitanua kwa kupeleka bunduki kwa watu. Chogo imefundisha kwamba hujitanua pia kwa kuwasukuma watu hadi pasipo bunduki. Katika safu ya mauzo, tukio hili halionekani. Katika safu ya gharama, pia halionekani. Nimeiongeza safu ya tatu katika daftari langu. Bado sijapata kampuni ya kuijaza.

AINA YA SABA: UTANUZI-CHENJI

Tunamalizia na aina changa kabisa. Mwaka 2001 Serikali ya Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa takriban pauni milioni 28. Benki ya Dunia ililalamika kwamba bei ni kubwa mno kwa nchi yetu. Je, rada ni mtutu? Ni mtutu. Tofauti ni kwamba mtutu wa kawaida hutoa risasi na kuona matokeo, na rada huona matokeo bila kutoa risasi. Aliyetoa ni mnunuzi.

Ikabainika kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilikwenda kwa wakala na kuandikwa katika hesabu za kampuni kama huduma za kiufundi. Mwaka 2010, mbele ya mahakama ya London, kampuni ilikiri kosa. Kosa gani? Shika kalamu: kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za mahesabu. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kando yake kampuni ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Wananchi wakaipa jina chenji ya rada, na fedha zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Fanya hesabu. Rada iliuzwa milioni 28 na chenji ikawa milioni 29.5. Hii ni chenji iliyoizidi noti, jambo ambalo lingemfanya muuza duka yeyote wa Manundu, Korogwe, akupeleke kuombewa kabla ya kukurudishia. Kosa lilikuwa la vitabu, na fidia ikaja kwa vitabu.

KANUNI ZA JUMLA

Kutokana na aina hizo saba, elimumtutu inatamka kanuni tatu, ambazo hazijadiliwi.

Kanuni ya kwanza: Kiwanda cha silaha hakihitaji kufika Handeni ili kiwe Handeni. Inatosha kwamba kuna bandari ambayo sheria imeisahau kwa makusudi.

Kanuni ya pili: Kila sheria ya kuzuia silaha huacha upenyo wenye ukubwa wa ghala la aliyeitunga.

Kanuni ya tatu: Tangu 1833 hadi leo, katika visa vyote vilivyomo humu, bunduki zimeuzwa kwa anayepanda dau, zimeuzwa zikiwa zimechakaa, zimeuzwa kwa maadui wawili wa vita vilevile. Hakuna mwenye kiwanda aliyeadhibiwa kwa lolote kati ya hayo. Aliyeadhibiwa ni mmoja tu, na ni kwa uandishi mbaya wa daftari.

MTIHANI

Swali ni moja, alama 100: “Handeni na Korogwe zimenunua nini kwa viwanda vya silaha vya dunia, na kwa bei gani?”

Atakayejibu kwamba hazikununua kitu kwa sababu hazina duka la silaha, atapata sifuri. Atakayetaja pembe, watumwa, wapagazi, wakimbizi na kodi bila kutaja kiasi, atapata nusu. Atakayetaja kiasi kamili ataitwa ofisini aeleze alikokipata, kwa kuwa mkaguzi mkuu wa elimu hii, ambaye ni mimi, bado anakitafuta. Alama zote 100 ni za mwanafunzi atakayefanya lile ambalo kila bango la mamlaka ya mapato linatuhimiza tukinunua hata kiberiti: atakayesimama mbele ya muuzaji, akanyoosha mkono, akadai risiti.